Utando wa Nyumba ya Kirongwe

Kirongwe, Mafia

Kwa dada yangu nimpendaye, Mwanahawa binti Hamadi, aliyeko kwetu Pangani, Mwenyezi Mungu amkinge na kila la kumsumbua.

Shikamoo Dada. Shikamoo ya kwanza ni yako, ya pili mpelekee Mama na umbusu mkono kwa niaba yangu. Hali zenu zikoje? Watoto wamepona surua? Paa la upande wa kisimani limeezekwa, au bado mnahamisha vitanda kila mvua inyeshapo? Mimi na mume wangu Salimu tu wazima, alhamdulillahi. Nyumba nzima ni wazima, isipokuwa kidole kimoja cha mguu wa baba mkwe wangu, nacho kimezikwa Chole kwa heshima zake zote. Najua huko mmeshasikia kwamba nilikaribia kuachwa kwa kutojua kufagia. Aliyewaletea habari hiyo hakusema uongo, ila hakungoja mwisho wake. Kaa chini basi, nikueleze tangu mwanzo.

Baba mkwe, Bwana Masudi, wewe unamjua kwa jina tu, kwa kuwa harusi yetu aliwatuma wadogo zake. Ni mtu mkubwa wa mwili na wa sauti. Babu yake alitoka Omani na jahazi tupu, na yeye mjukuu leo ana minazi kutoka Kirongwe mpaka karibu na pwani, na watu wa huku akisema mvua inanyesha huvaa makuti kichwani hata kama jua linawaka. Si mtu mbaya, Dada. Hulisha maskini, husali kwa wakati, na hajawahi kumwinulia mtu mkono. Ila ana mapenzi na tamu kama sijapata kuona. Asubuhi hunywa kahawa chungu kama watu wote, lakini kila kikombe hukisindikiza kwa pande la halua la kujaza kiganja. Halua ikiisha ni tende, na tende zikiisha ni uji uliotiwa sukari guru mpaka kijiko kinasimama. Alasiri anataka ndizi mbivu za tui, na akirudi msikitini huuliza kama ndizi zimebaki.

Na maji! Alikuwa akinywa kata kwa kata mpaka mtungi unalia, kisha anainuka kwenda chooni, kisha anarudi kwenye mtungi. Mama mkwe wangu, Bi Moza, alikuwa akisema aliolewa na mume, sasa anaishi na kisima. Nilipokuwa nikisafisha choo nilikuta sisimizi wamepanga foleni pale anapokojoa yeye, tena pale tu, kama watu waliosikia kuna karamu. Niliwamwagia majivu nikaenda zangu. Nani angejua?

Basi mwaka jana, wakati wa kuangua nazi, nilikuwa napita sebuleni akaniita.

"Mke wa Salimu, kwenu Pangani hakuna mafagio?"

"Yapo, Baba."

"Basi ondoa utando ule."

Nikainua macho. Boriti zilikuwa nyeupe, nimezipaka chokaa mimi mwenyewe kabla ya Ramadhani. Lakini mkwe akisema kuna utando, upo. Nikaleta fagio nikalifunga kwenye mti mrefu nikaanza kufagia hewa. Akasema si hapo, uko kushoto. Nikaenda kushoto. Akasema umeshuka mlangoni. Nikaenda mlangoni. Akasema sasa umerudi juu, tena niache kuuchezea. Dada, niliuwinda utando ule sebule nzima kama mtu anayefukuza kuku, na kila nilipofika ulikuwa umeshahama. Mwishowe akachoka yeye, akafumba macho, akasema ataniangalia kesho.

Kesho yake mambo yakawa yale yale, na kesho kutwa pia. Nilifagia mpaka chokaa ikawa inadondokea kwenye kahawa za wageni. Ijumaa moja, baada ya sala, akawaleta wakulima wake sebuleni wanihukumu. Mbele yao alikuwa Mzee Makame, msimamizi wa shamba, mtu ambaye hajapata kumpinga Bwana Masudi tangu azaliwe. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na fagio langu, nasikia kila neno. Baba akaonyesha kwa fimbo, akauliza kama wanauona.

"Upo, Bwana," akasema Mzee Makame. "Tena mkubwa."

Wote wakauona. Mmoja akasema una vumbi la siku nyingi. Mwingine, asitake kupitwa, akasema amemwona na buibui mwenyewe, ana miguu ya manyoya. Nilitoa kichwa kidogo kutazama anakotazama, nikaona boriti yangu, nyeupe kama yai.

Jioni ile Baba akamwita Salimu, akamwambia mke huyu hafai, arudishwe Pangani akafunzwe kufagia, na wakati anafunzwa wao wataangalia binti mmoja wa Kiegeani ambaye mama yake ana sifa ya usafi. Wewe unamjua Salimu, alivyo mpole. Kwangu ni mume, lakini mbele ya baba yake anakuwa kanzu iliyoloweshwa. Akaja chumbani akaniambia kwa upole kwamba labda ningefagia kwa bidii zaidi. Nikamwambia apande ngazi aangalie mwenyewe. Akapanda, akapapasa boriti zote kwa mkono, akashuka, akasema hakuna kitu. Nikamwambia basi nenda kamwambie baba yako. Akasema, "Lakini Baba ameuona." Nilianza kufunga nguo zangu, Dada. Sikukuandikia wakati ule kwa sababu sikujua ningeyaandikaje ili Mama asilie.

Aliyenizuia ni Bi Moza. Alikuja akaketi juu ya sanduku langu ili lisifungike, naye si mwepesi. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba jana yake alimsikia mumewe uani akiitikia "Marahaba, marahaba," akatoka kutazama nani amekuja, akakuta kanzu ya Salimu imeanikwa kwenye kamba, upepo unaitikisa. Tukatazamana. Tulielewa sote wawili kwamba utando hauko kwenye boriti. Lakini nani atamwambia Bwana Masudi kwamba haoni? Bi Moza akasema yeye hamwambii, ameishi naye miaka mingi na anapenda kumalizia iliyobaki kwa amani.

Mambo yenyewe yakatuharakisha. Ikaja maulidi, ikasomwa barazani kwetu, watu wamejaa mpaka njiani. Baba alikaa mbele, amenyoosha mguu kwa sababu siku zile miguu ilikuwa inakufa ganzi akiikunja. Chetezo cha udi, makaa yanawaka, kikapita kwa watu, kikawekwa chini, na hakuna aliyeangalia kimewekwa wapi. Sisi wanawake tulikuwa uani na masufuria. Ghafla ikaja harufu. Bi Moza akaturukia, nyama gani hiyo mmeiacha inaungua? Tukafunua masufuria yote, nyama imetulia kwenye mchuzi wake. Huko barazani, ninavyoambiwa na Salimu, Baba alikunja uso akanyamazisha kaswida nzima, akauliza nani ameleta udi wa namna hii, udi unaonuka mbuzi. Msomaji akatazama chini. Mguu wa Baba ulikuwa umeegemea chetezo, na kidole cha mwisho kilikuwa kinatoa moshi.

Hakuvuta mguu, Dada. Hicho ndicho kilichonitia baridi nilipohadithiwa. Aliutazama kama mguu wa mtu mwingine, kisha akauliza, "Ni wangu?"

Watu walicheka baadaye, na mimi nilicheka nao, sitakuficha. Lakini kidonda hakikucheka. Tulikiosha kwa maji ya chumvi, tukakiwekea majani, mganga mmoja akaja akakipulizia, mwingine akaja akapuliza dawa ya yule wa kwanza aitoe. Kila siku nilipokifungua kilikuwa kikubwa kuliko jana, kisha kikaanza kugeuka rangi. Baba akisema hakimuumi, basi ni kidogo. Yeye mwenyewe alikuwa hana wasiwasi, anakula tende.

Halafu asubuhi moja akaamka, akauliza nani ametundika kanga nyekundu mbele ya dirisha. Hakukuwa na kanga. Akapapasa mbele ya uso wake, akafumba jicho la kushoto, akalifumbua, akafumba la kulia. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake, "Moza, jicho la kulia limejaa damu ndani." Siku ile alisahau kuomba halua. Hapo ndipo sote tulipoogopa.

Tulikuwa tumesikia kwamba Chole, kwenye boma la Wadachi, amefika daktari anayepita pwani nzima. Baba akasema haendi kwa Mdachi. Bi Moza akamwambia vizuri, basi tutakaa hapa tungoje jicho la pili. Akapandishwa punda. Tulikwenda yeye, Bi Moza, Salimu na mimi, kwa kuwa kidonda nilikuwa nakifunga mimi. Salimu akiona kuku anachinjwa huzimia. Kiegeani tulipumzika kwa watu, na nilipogeuka kuchota maji nikarudi, nilimkuta mgonjwa wetu na kipande cha muwa mkononi na makapi kifuani. Akasema anajitia nguvu kabla ya kuonana na daktari. Kutoka hapo tukafika Utende, mtumbwi ukatuvusha.

Daktari alikuwa mtu mwembamba mwenye masharubu makubwa, na mkalimani wake aliitwa Farjala, mtu wa Bagamoyo. Farjala alikuwa na tabia moja: daktari akisema maneno mengi, yeye huyapunguza mpaka yanabaki machache, kama mtu anayelipwa kwa kuyabakisha. Kwanza daktari akataka mkojo wa Baba kwenye chupa. Baba akatutazama sisi wote mmoja mmoja, kama anayetafuta nani amemleta mahali pale. Akautoa. Daktari akaugawa kwenye mirija ya kioo, huu akautia dawa ya buluu, ule akauacha, akaipasha moto yote miwili juu ya taa. Ule wa dawa ukageuka mwekundu kama tofali. Ule mwingine ukafanya weupe ndani, kama ute wa yai unapoiva.

"Anapika," Baba akamwambia Salimu kwa sauti kubwa. "Amechukua mkojo wangu anaupika, na mayai ameutilia."

Daktari akasema maneno marefu. Farjala akasema, "Anasema una sukari."

"Mwambie ninayo, gunia zima ghalani. Anataka kiasi gani?"

"La, Bwana. Anasema sukari iko ndani yako wewe. Damu yako ni tamu, na mkojo wako ni mtamu."

Bi Moza hakuweza kujizuia. Akasema kutoka kwenye ushungi wake, "Mtamu, huyu? Nimekaa naye miaka yote hii na sijaonja."

Farjala akacheka, daktari akauliza amecheka nini, Farjala akamfasiria, na lile hakulipunguza hata neno moja. Daktari naye akacheka masharubu yakatikisika. Baada ya hapo Baba hakuwa na ukali tena. Ni vigumu kumkalia mtu kikao cha hasira baada ya kuchekwa na mkeo kwa lugha mbili.

Kisha wakafunga madirisha, chumba kikawa giza, daktari akawasha taa akachukua kioo kidogo chenye tundu katikati, akamtazama Baba ndani ya macho. Alikaa sana, pua kwa pua. Alipomaliza akachukua karatasi akachora duara, na ndani yake vijito vyekundu vimetawanyika kama mizizi ya mchicha, na kando ya vijito nukta nyekundu, nyingine ndogo, nyingine zimesambaa. Akamgeukia Farjala, na safari hii akamshika bega, nadhani alimwambia asikate neno. Basi Farjala akasema polepole, nami nilishika kila kitu ili nikueleze.

"Bwana, sikiliza. Damu ina njia kubwa na njia ndogo. Zile kubwa unaweza kuzisikia zikipiga shingoni na mkononi. Ndogo ni nyembamba kuliko unywele, ziko mwili mzima, na ndizo zinazofikisha chakula pale penyewe kinapoliwa. Sukari ikizidi kwenye damu siku nyingi, inaziharibu hizo ndogo. Anasema huonekana hasa mahali patatu. Machoni zinavimba na kuvuja. Kwenye figo zinatoboka kama chujio lililochoka, ndiyo maana kile cheupe kama yai kinapita kwenye mkojo. Na miguuni, mishipa inayokupa kusikia moto na baridi inakosa chakula chake, inakufa njaa, ndiyo maana chetezo hukukisikia. Na kidonda hakiponi kwa kuwa damu haifiki kukiponya. Huo utando unaouona, hizo nyuzi, ni damu yako mwenyewe imevuja ndani ya jicho. Unakwenda kila unakotazama kwa kuwa uko humo humo unamotazamia."

Baba akasema, "Muulize kama ana hakika si buibui."

Daktari akasema ana hakika.

Bi Moza akanitafuta mkono chini ya nguo akaubana. Salimu alikuwa anatazama ukutani. Na Baba, Dada, hakunitazama. Lakini kwa shida aliyokuwa akipata kutonitazama, nilijua ananiona vizuri kuliko siku zote.

Kidole ikasemwa lazima kikatwe, la sivyo uozo utapanda. Baba akauliza utapanda mpaka wapi, daktari akaonyesha goti, kisha akaonyesha juu zaidi. Akakubali. Salimu akatolewa nje kabla hajatuongezea mgonjwa. Mimi nilishika beseni. Daktari akaosha, akapanga vyuma vyake, na Baba akaanza kuzungumza na Farjala habari za mbata, nazi zake zilizokaushwa, kwamba Wahindi wa mjini wanapunja mizani, kwamba mvua za mwaka huu hazikuwa za nazi. Alizungumza kwa muda, kisha akauliza daktari anangoja nini, mbona haanzi.

"Amekwisha, Bwana," akasema Farjala. "Anafunga kitambaa."

Baba aliinua kichwa akatazama mguu, akaona beseni mkononi mwangu na kilichomo. Nilidhani atanena jambo la kuchekesha, ana kawaida hiyo. Lakini machozi yalimtoka yakaingia ndevuni. Mtu mkubwa vile, angelia kwa maumivu ningeelewa. Alilia kwa kuyakosa. Nikamfuta uso kwa upindo wa ushungi wangu, jambo ambalo mke wa mtoto hafanyi, na hakuna aliyelisema.

Kidole kikafungwa kitambaa cheupe. Baba aliporudiwa na sauti yake akataka kujua kama kinasaliwa. Mwalimu wa pale Chole akasema kinazikwa, hakisaliwi. Baba akaona hiyo ni dharau kwa kidole kilichotawadhishwa kila siku tangu utotoni, wakabishana kidogo, na mwisho kikazikwa kimya, Salimu ameshika jembe, amegeuza uso.

Dawa ya kuitoa sukari ile daktari alisema hana, wala Ulaya hawana. Iliyopo ni kinywa. Aache halua, tende, asali, ndizi mbivu, muwa. Wali apunguze mpaka uone haya. Ale samaki, mboga, mayai, nazi. Na kwa kuwa nyayo zake hazimwambii kitu, mtu mwenye macho mazima azitazame kila siku, juu, chini na katikati ya vidole.

Kama unadhani alitii, basi hukunielewa nilipokueleza mtu huyu. Wiki za kwanza alitubishia kwa elimu. Akasema daktari ametaja sukari, naye tende si sukari, tende ni sunna. Bi Moza akamjibu kwamba sunna ni chache, si kapu. Lakini tukaona anakwenda sana kwenye ghala la mbata, mtu aliyekuwa hajakanyaga humo bila kuvutwa. Anasema anakagua. Anarudi amefurahi. Siku moja nikaona sisimizi wamepanga mstari kutoka uani mpaka ghalani, nikawafuata, wakanifikisha kwenye pakacha, na chini ya mbata kuna pande la halua limefungwa kwenye jani la mgomba, ukubwa wa kichwa cha mtoto. Mzee Makame ndiye aliyekuwa akimletea. Mtu asiyeweza kusema la si rafiki wa mgonjwa.

Bi Moza hakugombana. Aliichukua halua akaipaka shubiri juu na chini, akaifunga kama ilivyokuwa, akairudisha. Jioni Baba akaenda kukagua. Akarudi, akaketi kula nasi, uso umekunjamana kama limau lililokauka, na hawezi kulalamika kwa kuwa atalalamika nini? Bi Moza akamuuliza kwa upole mbata zikoje. Akasema zimeharibika. Akauliza zimeharibikaje. Akasema, "Nimesema zimeharibika, Moza," akaomba maji. Tangu siku ile hakukagua tena.

Na mwili wake ukaanza kurudi, polepole. Mtungi sasa unatosha nyumba nzima. Kidonda kilichukua miezi lakini kikafunga. Jicho la kulia, ile kanga nyekundu ilishuka, akabaki anaona mwanga na vivuli vya watu. La kushoto linaona, na lina nyuzi zake chache ambazo amezizoea. Daktari alisema iliyoharibika haitengenezeki, ila iliyobaki yaweza kubaki. Tunaishi na hilo.

Hukumu yangu ilifutwa Ijumaa moja. Wakulima walikuja kumwamkia baada ya sala, na Mzee Makame, akitafuta la kumfurahisha kwa kuwa mambo ya halua yalikuwa yamemharibia, akatazama juu akatikisa kichwa, akasema, "Bwana, naona utando umerudi pale juu ya mlango. Tena mkubwa."

"Huo ni wako," akasema Baba. "Wangu nimeujua ulipo. Nenda Chole ukapime mkojo."

Kisha akawaambia wote, sauti ile ile ya kunyamazisha kaswida, kwamba boriti za nyumba hii zinafagiwa na Zena binti Hamadi wa Pangani, na mwenye kuona uchafu humu aanze kujitazama macho. Ndiyo mara ya kwanza niliposikia jina langu kinywani mwake. Habari za binti wa Kiegeani zimekwisha. Ameolewa na mtu mwingine, na nasikia kweli ni msafi.

Kazi ya nyayo iliniangukia mimi. Bi Moza haoni karibu, na Salimu nimeshakueleza. Baba aliona haya mno kumpa mke wa mwanawe miguu. Siku za mwanzo alijifunika uso kwa kilemba, akanyoosha mguu kama mtu anayeutoa sadaka, mimi nachungulia katikati ya vidole, naye huko chini ya kilemba anasoma nyiradi. Sasa hajifuniki. Tunazungumza. Ananiuliza habari za Pangani, za marehemu Baba, za wewe. Siku moja nilimkuta na mwiba umezama kisiginoni, ametembea nao tangu alfajiri hana habari. Nilipoutoa akauchukua akautazama kwa jicho lake moja, akasema, "Mwanangu, huu ungenila." Akauweka kwenye mfuko wa kanzu.

Sasa, Dada, nifike kwenye jambo lililonikalisha kuandika, maana haya yote nimekueleza ili hili ulielewe.

Wiki hii Mjomba Athumani alishuka Chole kutafuta kamba za usumba wa nazi, akapanda mpaka Kirongwe kunisalimu. Tulikaa uani, Baba akiwa kwenye kiti chake, miguu juu ya kigoda. Mjomba alikuwa na vichekesho vya nyumbani. Akatusimulia kwamba Mama anamgombeza msusi wa mikeka, anadai mikeka ya siku hizi ni laini mno, akikanyaga ni kama anakanyaga pamba. Akasema alirudi kutoka msibani na kiatu kimoja, cha pili kimemtoka barabarani, na hakujua mpaka alipoulizwa na watoto. Akasema kiu imemzidi, mtungi hauondoki kitandani kwake, na bado anaomba kashata. Mjomba alicheka, nami nilicheka nikamwona Mama kabisa, na kiatu chake kimoja. Kisha nikaona Baba hacheki.

Alishusha mguu kwenye kigoda. Akasema, "Zena, mwandikie dada yako. Usikawie."

Nikamwambia labda ni uzee tu, Mama kila akiulizwa husema hajambo.

"Mwambie dada yako asimsikilize mama yake akisema hajambo," akasema. "Mimi nilikuwa sijambo. Mguu ukiungua nilikuwa sijambo, na kidole kikikatwa nilikuwa sijambo."

Basi Dada, leo hii, ukimaliza kusoma, mkalishe Mama penye mwanga, mvue viatu, umtazame nyayo zote mbili, mpaka katikati ya vidole. Atakataa, atasema unamvunjia heshima. Mwambie Bwana Masudi wa Kirongwe, mwenye minazi yake, ananyoosha miguu kila asubuhi mbele ya mkwewe na bado ni bwana. Ukikuta jeraha, hata dogo, mpeleke kwa daktari wa Tanga, usingoje liume, haliwezi kuuma. Kashata zifiche mahali ambapo sisimizi hawafiki, na usimwachie kazi hiyo Mjomba. Tazama na chooni, kama sisimizi wamepanga foleni pale anapokojoa.

Baba ameniruhusu nije, nami nitapanda chombo cha kwanza kinachoelekea kaskazini nikipata neno lako. Kwa ajili hiyo anamfundisha Salimu kutazama nyayo. Jana alitazama wayo mzima akiwa amekaa chini, na hakuzimia mpaka alipofika kidole kilichokosekana.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na watoto, mkubwa mwambie nimesikia amehitimu juzuu. Nisalimie Shangazi wa nyumba ya pwani, na jirani yetu fundi makanzu, na Bibi Somo aliyenifunda. Wote wa huku wanakusalimu: Salimu, na Bi Moza, ambaye anasema Mama akikaidi aitwe yeye, shubiri ipo. Baba mkwe anamsalimu Mama salamu za peke yake, za mgonjwa kwa mgonjwa, na anamwombea awe si mgonjwa.

Nakuombea afya na macho ya kuona. Mimi mdogo wako, aliye mbali kwa maji lakini si kwa moyo,

Zena binti Hamadi.